Mhakiki wa makasha mapya ya jiokashi Mwanza: uzoefu wake upimwe kwa kitu gani?

Nyamagana_Dira (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Wachezaji wa jiokashi (mchezo wa kuficha makopo, yaani makasha, na kuyatafuta kwa GPS) hapa Mwanza tunazidi kuongezeka, na wengi waliokuwa wakitafuta tu sasa wanataka kuficha makasha yao wenyewe. Kinachotukwaza ni kwamba kurasa nyingi za makasha mapya zinarudishwa na mhakiki (mtu wa kujitolea anayezipitia kwa niaba ya makao makuu ya mchezo) mara mbili hadi tatu kabla ya kuchapishwa kwenye tovuti ya mchezo, na wafichaji wengine wanakata tamaa katikati. Limetolewa wazo tuchague watu wawili watatu miongoni mwetu wawe wanapitia ukurasa wa mfichaji mpya kabla haujatumwa rasmi. Huko mbele, nafasi ikipatikana, mmoja wao apendekezwe kuwa mhakiki kamili wa kanda hii.

Tumegawanyika kwenye sifa. Wapo wanaosema achaguliwe mwenye idadi kubwa ya makasha aliyoyapata. Wengine wanajibu kwamba Kanda ya Ziwa makasha ni machache na yametawanyika, hivyo mwenye idadi kubwa ni yule tu mwenye nauli ya kwenda Arusha, Nairobi au Ulaya, na nauli haimfundishi mtu kuhakiki. Kundi la tatu linataka mtu aliyeficha makasha mengi.

Naomba wenye kuijua kazi hii watueleze: mtu awe anajua nini, na awe ameshafanya nini, ndipo tumwamini kupitia kasha jipya? Na je, lazima awe mkazi wa hapa?

---

Jabali_la_Isamilo

Mkuu, tuanze na kazi yenyewe maana wengi wanaidhania sivyo. Mhakiki haendi kulikagua kasha. Hapandi jiwe, hafungui kopo, haoni kama daftari ni kavu au limelowa. Anakaa mbele ya skrini akiwa na ukurasa, ramani, picha za setilaiti na maelezo aliyoandikiwa na mfichaji. Kwa hiyo uzoefu tunaoutafuta ni wa kuona kwa mbali mahali ambapo hajakanyaga, na kujua aulize swali gani pale picha isipojitosheleza.

Akifungua ukurasa, jicho linakwenda kwanza kwenye umbali. Kanuni ni mita 161 kati ya kitu halisi cha kasha moja na kitu halisi cha kasha lingine, yaani sehemu ya kumi ya maili, kwa kuwa mchezo ulianzia Marekani mwaka 2000. Kitu halisi ni kopo, kibao au lebo uliyoiweka wewe. Hatua (kituo cha njiani cha kasha lenye vituo kadhaa) ambayo mtafutaji anasoma tu mwaka ulioandikwa kwenye mnara uliokuwepo tangu zamani haihesabiwi. Haihesabiwi pia sehemu ya kuegesha gari, wala EarthCache (kasha lisilo na kopo, la kujifunza jiolojia ya mahali), wala hatua za kasha moja baina ya zenyewe. Mgeni wa kazi hii hukosea kwa namna mbili: ama anakataa hatua isiyohesabiwa, ama anapitisha kasha kwa sababu ramani haionyeshi kitu karibu, kumbe mita 90 kutoka hapo kuna kopo la kasha la fumbo ambalo alama yake ya wazi iko kilomita 2 mbali. Kanuni inaruhusu alama ya fumbo ikae hadi kilomita 3.2 kutoka kopo lilipo, na kwa mji kama Mwanza huo ni umbali wa kuvuka kata kadhaa.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya mhakiki rasmi na hao watu wenu wawili watatu. Mhakiki rasmi anaziona hatua zote zilizofichika, ninyi hamtaziona. Mtu wenu akimwambia mfichaji "hapo pako wazi" anatoa ahadi isiyo mikononi mwake. Aseme hivi: kwa ninachokiona hakuna kitu, lakini mwombe mhakiki akuangalizie kodineti kabla hujatengeneza kopo. Jambo hilo linaruhusiwa kabisa. Unafungua ukurasa, unaweka kodineti, unaandika kwamba unaomba kuangaliziwa nafasi tu. Mhakiki akijibu kwamba ni karibu mno na kitu kingine, hatakutajia kilipo, na mfichaji asirudi na kodineti nyingine tano za kuzunguka eneo lilelile. Huko ni kulitafuta jibu la fumbo bila kulitegua, na mhakiki mzoefu hulitambua mapema.

Maandishi ya ukurasa hayachukui muda mrefu. Kunadi hoteli au duka, kukusanya michango, kuhubiri dini au chama: haipiti, hata nia ikiwa njema. Kuchimba shimo kwa kawaida haipiti. Msumari kwenye mti au rangi kwenye jiwe, vivyo hivyo. Kitu cha kuliwa ndani ya kopo ni marufuku kila mahali, na kwenye majabali yetu kuna tumbili na pimbi, kwa hiyo kopo lenye harufu halimalizi wiki.

Kisha anamwangalia mfichaji. Anaishi wapi, makasha yake ya nyuma yako katika hali gani, na kopo likilowa au kuibiwa nani atakwenda? Mgeni aliyekuja kwa wiki moja kutembelea kisiwa cha Saanane hawezi kutunza kasha hapa, isipokuwa awe na mkazi aliyekubali kulitunza na jina la huyo mkazi la kwenye mchezo liandikwe kwenye ukurasa.

Kwa hiyo nikijibu swali lako: mtafuteni mtu ambaye makasha yake yamepita vuli na masika yakiwa hai. Mwenye makasha matano ya aina tofauti, na kila taarifa ya "daftari limejaa" au "mfuniko umepasuka" imejibiwa ndani ya wiki chache, ana uzoefu kuliko mwenye makasha hamsini yaliyofungwa kwa kukosa matunzo. Aliyewahi kubadilisha mfuniko uliokauka kwa jua anajua kuuliza kuhusu mfuniko.

---

Nansio_Kisiwani

Namuunga mkono mkuu Jabali kwa sehemu kubwa, ila idadi msiitupe. Makao makuu ya mchezo kule Seattle yanashauri mtu apate angalau makasha 20 kabla ya kuficha la kwanza, na huyo ni mfichaji tu. Anayepitia kazi za wengine anahitaji kuwa ameona zaidi ya hapo, kwa sababu kuna makosa ambayo huyajui mpaka yakupoteze. Maelezo ya hatua ya pili yanayotegemea bango lililopakwa rangi upya, kwa mfano, au fumbo lenye majibu mawili yote sahihi.

Nikiambiwa nichague, nitaangalia mchanganyiko kabla ya jumla. Makasha ya kawaida 200 ya kando ya barabara yanafundisha kitu kimoja mara 200. Mwenye 60 yaliyogawanyika kati ya ya kawaida, ya hatua nyingi, ya fumbo, EarthCache na matukio (mikutano ya wachezaji) mawili matatu, huyo ameshakutana na karibu kila aina ya ukurasa atakaoletewa.

Na msome logi zake (anachoandika kwenye ukurasa baada ya kutafuta), hasa za kukosa. Anayeandika "sijaliona" na kuondoka hajaacha kitu. Anayeandika "sikulipata, nimepapasa mpasuko wa upande wa ziwani na chini ya mkuyu, kodineti zinarukaruka kama mita 15, na kuna jiwe limehamishwa karibuni" amemsaidia mwenye kasha na anayefuata. Jicho la namna hiyo ndilo mnalolitafuta.

Kuhusu ukazi: mhakiki anaweza kusimamia eneo asiloishi, mradi awe mwepesi wa kuuliza wenyeji. Kwa watu wenu wa kupitia kabla, ukazi ni lazima. Thamani yao yote iko kwenye kujua kile ambacho picha ya setilaiti haisemi.

---

Mpima_Buhongwa

Niongeze upande wa kodineti, maana huko ndiko kurasa nyingi za huku zinakokwama.

Ukurasa unataka digrii, kisha dakika zenye desimali tatu, kwa mfumo wa WGS84 unaotumiwa na GPS. Katikati ya Mwanza ni S 02° 31 na E 032° 54 hivi. Kosa la kwanza ni herufi: fomu ikiwa imeanza na N na mfichaji akasahau kuweka S, kasha la Mwanza linatua kaskazini mwa Uganda, juu ya Lira. Hilo linaonekana mara moja. La pili linasumbua zaidi kwa sababu linatua hapahapa mkoani. Simu inaonyesha digrii za desimali, tuseme S 2.5164, na mfichaji anaandika S 02° 51.640. Hesabu yake ni .5164 mara 60, unapata 30.984, kwa hiyo ilipaswa kuwa S 02° 30.984. Tofauti ni kama kilomita 38, na alama inaangukia usawa wa Misungwi. Mhakiki asiyeujua mkoa anaweza kudhani mfichaji amekusudia huko.

Kukaa karibu na ikweta kuna faida moja: elfu moja ya dakika ni kama mita 1.85 kwa pande zote mbili, kaskazini–kusini na mashariki–magharibi. Mtu anaweza kupima umbali kwa kalamu. Makasha mawili yakitofautiana dakika 0.080 kwenye S na 0.030 kwenye E, hiyo ni mita 148 na mita 55.5. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeo cha pili: mita 158. Haifiki 161. Anayepitia kabla akiliona hilo, anamwambia mfichaji asogeze kopo mita 10 kwenda upande ulio mbali na lile jirani, na safari ya kwenda na kurudi kwa mhakiki imeokolewa. Asimwambie abadilishe namba tu. Kopo lisogee kweli, kisha lipimwe upya.

Sasa majabali. Ukisimama katikati ya mawe makubwa ya Mwanza, mawimbi ya setilaiti yanagonga jiwe kabla ya kufika kwenye simu, na simu inasoma mahali ambapo haupo. Uwanjani kwenye anga wazi simu nzuri inakosea mita 3 hadi 5. Kwenye mwanya kati ya mawe mawili inaweza kukosea 15 au 20 na bado ikaandika kwamba ina uhakika. Njia ya kupima ni hii. Weka simu au GPS juu ya jiwe, isiwe mfukoni, usubiri dakika mbili itulie. Soma, andika. Ondoka hatua 30, rudi kwa upande mwingine, subiri tena, andika. Rudia siku nyingine saa tofauti, maana setilaiti zinakuwa zimehama. Chukua wastani wa usomaji uliokaribiana na uache ule ulioruka peke yake. Kama mwanya ni finyu sana, pima juu ya jiwe palipo wazi, na kwenye kidokezo uandike kopo liko upande gani wa jiwe na kwenye kimo gani.

Mhakiki hayupo hapo kuona yote hayo, lakini ukurasa una dalili. Kodineti zinazoishia na sufuri nyingi zimechukuliwa kwa kubonyeza ramani nyumbani. Kasha la hatua nyingi ambalo hatua zake zote zina desimali ileile ya mwisho, kuna namba imenakiliwa. Alama iliyo ziwani mita 40 wakati maelezo yanasema "chini ya mti": uliza. Lakini tahadhari, picha ya setilaiti yenyewe inaweza kuwa imehama mita kadhaa, kwa hiyo alama iliyokalia ukingo wa paa la jirani haitoshi kumwita mfichaji mzembe. Mwombe picha ya mahali na usomaji wake wote.

Nyota za njia (1 hadi 5, kuonyesha ugumu wa kufika) nazo wafichaji wanazikosea sana. Nyota 1 ina maana mtu wa kiti cha magurudumu anafika. Kwenye milima yetu hiyo ni adimu. Njia yenye ngazi za mawe haiwezi kuwa 1 hata kama ni ngazi sita. Kutambaa juu ya majabali kwa mikono ni 4. Nyota 5 ni ya kifaa maalumu, kwa mfano kamba ya kupandia, au mtumbwi wa kukodi kwenda kwenye kisiwa kisicho na usafiri. Kasha la Ukerewe unalofika kwa kivuko cha abiria halipati 5 kwa sababu ya kivuko. Linapimwa kuanzia unaposhuka Nansio.

---

Mwaloni_Kirumba

Kaka Mpima umemaliza namba, mimi nizungumzie ruhusa, kwa sababu kasha lenye kodineti safi mahali pasipo na ruhusa litaondolewa tu.

Mfichaji mpya huandika "eneo la wazi, halina mwenyewe". Hapa mjini hakuna ardhi ya namna hiyo. Anayepitia ajue kwanza alama iko upande gani: Halmashauri ya Jiji, yaani Nyamagana, au Manispaa ya Ilemela. Kisha mtaa gani, maana mwenyekiti wa serikali ya mtaa ndiye atakayepigiwa simu wananchi wakiona mgeni anachokonoa mawe jioni. Mwaloni muulize uongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo. Wale wanajua kila mtumbwi na kila anayeingia, na kopo lisilojulikana karibu na nyavu au vichanja vya dagaa litafunguliwa siku hiyohiyo.

Ufukweni kuna ile mita 60 kutoka majini ambayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani yake. Kopo dogo si ujenzi, lakini mita 60 inamsaidia anayehakiki kuuliza vizuri. Je, kopo liko ndani ya uzio wa hoteli, kwenye ukanda wa wazi, au kwenye shamba la mtu? Majibu matatu, ruhusa tatu tofauti. Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, chini ya TANAPA. Kulipa kiingilio getini si ruhusa ya kuacha kitu. Msitu wa hifadhi ni wa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Mfichaji aandike kwenye ujumbe wa mhakiki cheo cha aliyemruhusu na tarehe waliyozungumza. "Nimeongea nao" haitoshi.

Kuna maeneo ambayo hata ruhusa ya mdomo isiwadanganye: jirani na uwanja wa ndege, bandari, reli ya zamani na ya SGR, gereza la Butimba, kambi za jeshi, shule, eneo la hospitali kule Bugando, na nguzo za Daraja la Kigongo–Busisi. Kopo lililofungwa utepe mweusi likionekana chini ya daraja, atakayekuja ni polisi. Hili ndilo jambo ambalo mhakiki aliye mbali anaweza kulikosa, kwa sababu ramani ya mtandaoni haichori kila uzio wa jeshi. Mwenyeji anaujua.

Jiwe la Bismarck kila mgeni analitaka. Lipo kwenye maji, watu wanapiga picha kutwa nzima na hakuna pa kupapasa bila kuonekana. Pale inafaa hatua ya kusoma au kuhesabu kitu, kopo likae kwingine kabisa.

Majabali mengine ni ya matambiko, na mengine watu hupanda usiku kusali. Hayamo kwenye ramani yoyote. Anayepitia amwambie mfichaji aulize wazee wa mtaa, na wakisema hapana, isigeuzwe mjadala.

Halafu maji. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likavuka rekodi ya 1964. Ndani ya miezi michache lilikuwa limepanda zaidi ya mita 1. Fukwe nyingi za kuelekea Luchelele na Kayenze ni tambarare. Ardhi ikipanda mita 1 kwa kila mita 50, maji yakiongezeka mita 1 yanaingia nchi kavu mita 50, na mti wako wa kasha uko majini. Kwa hiyo swali la kila kasha la ufukweni ni: alama ya maji ya 2020 ilifika wapi hapo? Wavuvi watakuonyesha kwenye mawe na kuta. Kopo likae juu ya alama hiyo. Kama mtafutaji atalazimika kukanyaga maji, ukurasa utaje kichocho, na pale penye matete utaje viboko na mamba. Mfichaji akikataa kuandika hayo kwa kuogopa kupunguza wageni, kasha lisipite.

La mwisho, kopo lenyewe. Plastiki ngumu inayoonyesha ndani ni bora mjini kuliko kopo lililofunikwa, maana anayelikuta kwa bahati anaona daftari na kalamu, haogopi. Ndani kuwe na karatasi kwa Kiswahili inayosema huu ni mchezo, kopo lirudishwe lilipokuwa, na namba ya kasha. Wengi wanaweka karatasi ya Kiingereza tu, na aliyelikuta analibeba.

---

Nyamagana_Dira (mleta mada)

Asanteni sana wakuu, na dada wa Mwaloni nimekuelewa vizuri kwenye suala la BMU, hatukuwa tumelifikiria kabisa.

Niulize moja. Wengi wa wafichaji wetu ni watu tunaofahamiana, na baadhi ni wakubwa kwetu kwa umri. Unamrudishiaje mtu kama huyo ukurasa bila kumvunjia heshima? Na akilalamika kwamba kasha la fulani lilipita likiwa na kasoro hiyohiyo?

---

Jabali_la_Isamilo

Swali hili ndilo linawaangusha wengi wenye ujuzi wa ramani. Mtu anajua kanuni zote lakini anaandika "haikubaliki, soma mwongozo", na mfichaji harudi tena.

Ujumbe mzuri unataja kasoro ilipo, sababu yake, na hatua ya kufuata, na unazitaja kasoro zote kwa mara moja. Mfano:

"Shikamoo mzee wangu. Asante kwa kuleta kasha hili, maelezo ya historia ya mtaa yamenifurahisha. Kabla halijaendelea naomba tumalize mambo mawili. Kwanza, kwenye picha ya setilaiti alama inaangukia ndani ya uzio wenye majengo matatu. Naomba uniandikie uzio huo ni wa nani na nani amekuruhusu kwa cheo chake. Pili, hatua ya 2 haijaonyeshwa kama kuna kopo au ni ya kusoma tu. Chagua moja kwenye orodha ya hatua, kwa sababu yenye kopo inahitaji kuwa mita 161 kutoka makasha ya wengine. Ukishajaza, wasilisha ukurasa upya ili urudi kwenye foleni."

Angalia kwamba umri umeheshimiwa kwenye salamu na kanuni imebaki palepale. Sentensi ya mwisho msiisahau. Wafichaji wengi wanarekebisha, wanafunga kompyuta, na wanasubiri wiki tatu ukurasa ambao haujatumwa. Rasmi, mhakiki hutakiwa kuuangalia ukurasa ndani ya siku 7 tangu utumwe. Kuuangalia, si kuuchapisha.

Kuhusu kasha la fulani lililopita: kasha lililochapishwa zamani halifungui njia kwa jipya, na kanuni zinasema hivyo wazi. Huenda lilipita kabla kanuni haijabadilika, au lilikuwa na ruhusa ambayo wewe huioni kwenye ukurasa. Jibu ni fupi: "hilo siwezi kulizungumzia, tuzungumze hili lako". Asiporidhika na uamuzi wa mhakiki, ana haki ya kukata rufaa makao makuu, na mhakiki mwenye uzoefu humpa maelekezo ya kukata rufaa bila kununa. Kasha la ndugu au la mhakiki mwenyewe lipitiwe na mwenzake. Na chochote anachokiona kwenye kurasa ambazo hazijachapishwa, hakitoki. Asiwe wa kwanza kufika kwenye kasha alilolipitia, hata kama linachapishwa akiwa mita 300 kutoka hapo. Mtu asiyeweza kujizuia hapo asipewe kazi hii.

Kazi haiishi kwenye kuchapisha. Kasha likisimamishwa kwa muda, mwenyewe anapewa kama wiki 4 kulirekebisha; likibaki kimya, mhakiki anaandika kwenye ukurasa, anasubiri, kisha analifunga. Lililofungwa kwa kukosa matunzo kwa kawaida halifunguliwi tena, mfichaji anaanza ukurasa mpya. Kwa masika ya huku barabara za kwenda Kayenze na visiwani zinaweza kumkwamisha mtu kwa haki kabisa, kwa hiyo anayeandika "kivuko kimesimama, nitakwenda tarehe fulani" aongezewe muda. Asiyeandika chochote hana cha kuongezewa.

Na mjue hakuna fomu ya kuomba kuwa mhakiki rasmi. Ni kazi ya kujitolea, haina malipo, na makao makuu huchagua kulingana na mahitaji ya eneo, mara nyingi kwa mapendekezo ya wahakiki waliopo. Kurasa safi zinazotoka Mwanza zitawafanya wahakiki waliopo wayajue majina ya watu wenu.

---

Nansio_Kisiwani

Kwa kuchagua, nashauri msipige kura. Tengenezeni kurasa kumi za mazoezi kwenye karatasi, saba ziwe na kasoro na tatu ziwe safi. Mpeni kila mgombea picha ya setilaiti, kodineti na maelezo, na saa mbili. Aandike ujumbe kwa kila mfichaji kama vile ni wa kweli.

Kasoro ziwe za huku: S iliyoandikwa N, mita 158 ya mkuu Mpima, kopo ndani ya Saanane kwa ruhusa ya "mlinzi wa getini", fumbo lenye kopo kilomita 5 kutoka alama yake, kasha la ufukweni lisilotaja maji, mfichaji anayeishi Dodoma asiye na mtu hapa, na tukio la kukutana linalotangazwa siku nne kabla (ukurasa wa tukio utumwe angalau wiki mbili kabla, na tukio lenyewe lisipungue dakika 30). Hizo tatu safi ni muhimu kuliko mnavyodhani. Mgombea anayebuni kasoro kwenye ukurasa safi atawachosha wafichaji zaidi ya yule anayepitiwa na moja.

EarthCache msiziweke kwenye mtihani. Zina wahakiki wake tofauti, hazina kopo, na maswali yake lazima yafundishe jiolojia ya mahali. Kanda hii ina utajiri huo: matale ya Mwanza yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na kule Ukara kuna jiwe linalocheza. Lakini swali la "jiwe lina rangi gani" halitoshi, na kulipitia vizuri kunahitaji mtu aliyesoma miamba.

---

Mpima_Buhongwa

Mtihani huo mzuri. Ongezeni ukurasa mmoja wenye kodineti sahihi kabisa, ruhusa kamili na umbali wa kutosha, lakini kidokezo kinasema "chini ya jiwe kubwa" kwenye mlima wenye mawe makubwa mia. Hakuna kanuni iliyovunjwa, kwa hiyo unapita. Angalieni ni nani anaupitisha na bado anamwandikia mfichaji mstari mmoja wa ushauri: taja upande wa jiwe, kimo cha kopo kutoka chini, na mmea ulio karibu, ili watu wasigeuze kila jiwe na kuacha mlima umechimbuliwa.